Daftari, Muhuri na Majina: Namna ya Kudai Hewa Safi Mtaani

Owino Uhuru ni mtaa wa Mombasa ulioko Mikindani, Jomvu ya leo, Changamwe ya kabla ya mipaka ya 2013. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi pale, ubavuni mwa nyumba za watu, na vumbi la madini ya risasi likawa linatua juu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa na katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuja kuongoza wakazi kukipinga kiwanda, aliajiriwa humo. Mwanawe mchanga alipougua, vipimo vilionyesha ana risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ilitengua malipo hayo 2023, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha.

Kesi ile haikushinda kwa kelele. Kulikuwa na vipimo vya damu, vipimo vya udongo, barua na tarehe. Kama unaishi karibu na kiwanda Changamwe, na jaa la Mwakirunge huko Kisauni, au na mtaro wa Likoni unaofurika kila masika, anza kukusanya vyako leo.

Hatua ya kwanza ni daftari. Nunua lile gumu la kurasa nyingi, likae kwa mtu mmoja anayeaminika mtaani. Kila siku kunapotokea jambo, andikeni tarehe, saa, harufu au rangi ya moshi, nani kakohoa, nani kapelekwa zahanati. Na andikeni upepo. Moshi unaowafikia ninyi wakati wa kusi, kaskazi ikiingia huwaendea jirani wa upande wa pili, na afisa akija mwezi huo atasema hakuna malalamiko. Daftari lenye misimu yote miwili humziba mdomo. Picha pigeni, lakini andikeni nyuma yake zimepigwa lini na wapi. Karatasi za hospitali msiziache kwa daktari, ombeni nakala. Na kama shida ni bidhaa, tuseme maji ya kununua au mafuta ya kupikia, hifadhini risiti na pakiti yake: Kifungu cha 46 cha Katiba kinamlinda mnunuzi kama vile cha 42 kinavyompa kila mtu haki ya mazingira safi.

Hatua ya pili, ulizeni leseni. Andikeni kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, katika ofisi yake ya kaunti, mkiomba leseni ya mradi, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na matokeo ya ukaguzi wa mwisho. Tajeni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikigusa uhai wa mtu, ni saa 48, kwa hiyo kama watoto wanaugua lisemeni hilo katika mstari wa kwanza. Mkinyimwa, au mkinyamaziwa, nendeni Tume ya Haki ya Utawala.

Hapa nakusihi jambo moja. Peleka barua mbili, moja ibaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Mimi niliwahi kuacha barua ya mtaa wetu katika ofisi moja bila nakala. Mwezi uliofuata niliambiwa haionekani, na kweli sikuwa na chochote mkononi cha kuonyesha kwamba niliwahi kuingia mlango ule. Wamama waliotia sahihi walinitazama tu.

Kama leseni ndiyo kwanza imetolewa, kimbieni: rufaa kwa Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ina siku 60. Watu wa Lamu walipitia hapo, na Juni 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ikafutwa, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hatua ya tatu ni ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki hiyo, na Kiswahili chatosha. Lielekezeni kwa karani wa Bunge. Elezeni mmeshamwona nani na kajibu nini, semeni kama jambo liko mahakamani au la, kisha malizieni na ombi lililo wazi. “Tusaidiwe” si ombi. “Kamati ya mazingira izuru mtaa wetu na ripoti isomwe bungeni” ni ombi. Kichwa cha ombi kiandikwe juu ya kila karatasi ya sahihi, mtu asije akadai majina yalikusanywa kwa jambo jingine. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi au dole gumba. Mwakilishi wadi apewe nakala mapema.

Mkitaka mitaro au magari ya taka, ingieni pia kwenye vikao vya bajeti. Makadirio hufika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili. Baada ya Juni mtaambiwa fedha zimeshagawanywa.

Maandamano ni haki, kwa amani na bila silaha, na polisi wapewe taarifa angalau siku tatu kabla. Omido mwenyewe alikamatwa 2012, akashtakiwa, akaachiliwa na mahakama. Tembeeni na nambari ya wakili.

Mahakama ni hatua ya mwisho, lakini msiiogope. Kifungu cha 70 hakikudai uonyeshe kwanza kwamba umeumia, hatari inatosha. Na serikali nayo hushtakiwa: katika kesi ya Owino Uhuru, NEMA ilikuwa miongoni mwa walalamikiwa.

Wengi wetu ni wapangaji. Kesi ile ilifunguliwa 2016 na neno la mwisho likaja 2024. Miaka minane, mtu huhama Chaani akaenda Mtwapa. Kwa hiyo nyuma ya daftari tengenezeni orodha ya kila nyumba, nani aliishi, tangu lini, simu yake na ya ndugu yake wa mashambani. Nakala moja ikae nyumba nyingine, ndani ya mfuko wa nailoni.