Ndege Ndogo: Geji ya Mvuto Ikishuka, Tuanzie Wapi?

Wasomaji wetu, sehemu za mbali za nchi yetu bado hutegemea ndege ndogo za injini moja kwa dawa na kubeba wagonjwa. Nyingine ni za zamani. Leo tujifunze mfumo wao mmoja ambao huharibika kimya kimya: ule wa kuvuta hewa.

UNAVYOFANYA KAZI

Pampu inayozungushwa na injini huvuta hewa. Hewa hupita kwa filta kubwa, kisha ndani ya saa mbili za rubani: ile inayoonyesha kama ndege imelala upande, na ile ya mwelekeo. Ndani ya kila saa mna kigurudumu kinachozunguka kama pia ya watoto. Regyuleta huzuia mvuto usizidi. Kwa kawaida geji husoma kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Injini ikizunguka polepole, itasoma chini. Huo si ugonjwa.

TUTAFUTE WAPI?

1. Geji imeanguka sifuri ghafla: mara nyingi kiungo cha pampu kimekatika, ama mpira umechomoka.

2. Imeshuka kidogo kidogo: tuanze na filta kubwa, kwani vumbi la viwanja vyetu si mchezo. Kisha tuangalie mipira iliyopasuka, vibano vilivyolegea, mwisho pampu yenyewe.

3. Imepanda kupita kiasi: filta ndogo ya regyuleta huenda imeziba.

4. Geji iko sawa lakini saa inayumba: huenda saa yenyewe imechakaa.

TUSIFICHE UGONJWA

Wengine hukaza regyuleta tu ili mshale upande. Hiyo ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kutuliza homa peke yake. Pampu inabeba mzigo zaidi na kufa mapema.

Pampu kavu ikivunjika, vipande vya kaboni huingia kwa mipira. Tusafishe mipira na kubadili filta kabla ya kufunga mpya, la sivyo nayo itakufa. Pampu hii haitiwi oili, na injini ikioshwa ifunikwe.

KWA NINI TUJALI?

Pampu ikifa, kigurudumu hakisimami papo hapo. Kinapungua kwa dakika kadhaa, na saa inaanza kudanganya pole pole. Rubani aliye mawinguni akiifuata, anaweza kuilaza ndege hadi ianguke, huku akidhani iko sawa. Kwa hivyo atazame geji mara kwa mara. Akiona imekufa, afunike saa hizo mbili kwa karatasi, atumie ile ya kona inayotumia umeme, dira, mwendo na kimo, na atoke mawinguni.

Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni, na iandikwe kitabuni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini filta ikaguliwe kabla ya kugusa regyuleta?

2. Kwa nini saa inayokufa polepole ni hatari kuliko iliyosimama kabisa?