Saa Ipi, na Mahali Gani? Majibu kwa Watumiaji wa Programu ya Taarifa Mpakani

Wakazi wa mpakani wametuletea maswali mengi kuhusu programu ya simu ya kutolea taarifa za matukio ya kiusalama. Wengi hulalamika kwamba waliandika taarifa mapema, lakini askari wakafika kwa kuchelewa au wakaenda pasipo. Malalamiko mengine ni ya haki. Hata hivyo, mara nyingi tumekuta kosa limejificha mahali ambapo mtumaji hakupatilia shaka hata kidogo, nako ni kwenye saa.

Mpondwe, upande wa Uganda, saa ziko mbele ya zile za Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa saa moja kamili. Ndivyo ilivyo pia kati ya Katuna na upande wa Rwanda. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe kwa kufuata mnara unaozihudumia. Mtu aweza kuwa ameketi barazani pake Mpondwe, hajavuka hata kijito, lakini simu yake ikashika mnara wa Kongo na saa ikarudi nyuma. Pikipiki ikiibwa saa tatu usiku, naye akaandika saa kwa kuitazama simu hiyo, taarifa itasema saa mbili. Askari atadhani mwizi amekwisha kwenda mwendo wa saa nzima, ataweka kizuizi mbali, kumbe pikipiki ingali imefichwa kijiji cha jirani. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, uzime uteuzi wa saa za eneo unaofanywa na simu yenyewe, kisha uchague Kampala.

Kosa la pili la saa linatokana na lugha yetu wenyewe, nasi tunakiri kwamba limewahi kututeleza. Mzazi anaandika 2:00 akikusudia saa mbili usiku. Programu inasoma saa nane usiku. Mtoto aliyepotea jioni anaonekana kana kwamba alitoweka wakati ambao kila jirani anaapa kuwa watu wote walikuwa wamelala, na mashahidi wa kweli hawaulizwi. Saa mbili usiku huandikwa 20:00. Tena, kwenye nafasi ya maelezo, iandike kwa maneno: "saa mbili usiku, tulipokuwa tukila." Maneno hayo yametusaidia kuliko tarakimu.

Kuhusu mahali: simu hupokea alama za setilaiti hata pasipo mtandao, ila chini ya bati na kati ya kuta alama hizo hufifia. Ukiona duara pana kwenye ramani, simu inakisia tu. Toka nje, usimame penye uwazi, usubiri duara lipungue. Hapa mpakani kosa la mita mia moja laweza kukuweka nchi nyingine, kwa hiyo taja pia kijiji, na shule au kanisa lililo karibu.

Wengine huuliza kwa nini taarifa "imetumwa" lakini haikujibiwa. Huenda imehifadhiwa tu ndani ya simu, ikingoja mtandao. Usiiandike upya mara tatu, kwa maana zikifika zote tutadhani ni matukio matatu. Iache, na usiifute programu kabla haijaondoka. Tukio likiwa linaendelea, usijaze fomu yoyote. Piga 999 au 112, lakini kwanza tazama jina la mtandao juu ya kioo. Simu hupokewa na nchi yenye mnara, hivyo anza kwa kutaja nchi na kijiji ulipo.

Swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini ni la jina. Kuacha nafasi ya jina wazi hakutoshi ikiwa maelezo yanasema "jirani yangu wa mlango wa pili", au picha imepigwa kutoka dirishani kwako. Kabla ya kutuma, isome taarifa kama angeisoma yule unayemtaja. Na kama simu ni ya familia nzima au ya kuazima, ondoa pia picha iliyobaki kwenye albamu, lakini baada ya kuhakikisha kwamba imetufikia. Tukihitaji nakala nyingine, hatutakuwa na pa kuipata.