Programu ya Kumbukumbu za Wateja: Pima Kabla ya Kulipa

Daftari la madeni likipotea, mwenye duka la pembejeo Ndabibi hupoteza pesa. Programu ya simu inaweza kumsaidia, mradi apime mambo manne:

1. Ifanye kazi hata mtandao ukikatika.
2. Imwonyeshe nani anadaiwa, kiasi gani na tangu lini.
3. Imruhusu kuondoka na orodha yake yote ya wateja akiacha kuitumia.
4. Ifunguliwe kwa nambari ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka amweleze mteja sababu ya kuchukua jina na nambari yake ya simu.

Aijaribu mwezi mmoja kwa wateja kumi, huku akiendelea kuandika daftarini. Hesabu zikilingana, ndipo alipe.