Dondoo muhimu: Kufunga nozeli kubwa kwenye injini ya petroli

Tafuta kwanza fundi wa kuipanga upya kompyuta ya injini, ndipo ununue nozeli.

1. Pima ukinzani wa nozeli mpya: kompyuta iliyozoea ohm 12 hadi 16 inaweza kuungua ukiifungia nozeli za ohm 2 au 3.
2. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini hadi izimike yenyewe, kisha fungua waya hasi wa betri. Sigara mbali!
3. Oringi za zamani usizirudishe. Mpya zipake oili safi, usizilazimishe.
4. Rudisha fyuzi na waya wa betri, fungua swichi bila kupiga stata, mulika kila nozeli. Ukiona hata tone, usiwashe.
5. Usiendeshe kabla ya kompyuta kupangwa: petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda.