Kompyuta Imegoma Baada ya Kupandishwa Toleo: Usikimbilie Kuifomati



Ndugu zangu wanafunzi, nimeombwa niandike somo la kompyuta katika toleo hili. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha.

Nyumbani kwetu ni Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji. Mji wetu ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia, wengine kwa miguu kuelekea mto Ruvuma, wengine kwa vyombo vya baharini hadi Pemba. Waliporudi, madrasa ya mtaani kwetu ilianza upya kuorodhesha mayatima, wajane na familia zisizo na kitu, maana madaftari ya zamani hayakuonekana tena. Orodha hiyo iliwekwa kwenye kompyuta moja kuukuu ya mezani, inayotumia mfumo wa Debian.

Ramadhani ya mwaka 2024 nilikuwa nyumbani. Mwalimu wetu wa madrasa aliniomba niitazame ile kompyuta, kwani ilikuwa nzito. Kwa ujuaji wangu nikaamua kuipandisha kutoka Debian 11 hadi Debian 12, toleo lililotoka Juni 2023. Sikunakili faili hata moja pembeni. Sikutazama kama diski ina nafasi. Usiku, baada ya tarawehe, kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika.

Asubuhi niliiwasha. Skrini nyeusi, na kistari kinapepesa pembeni. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Idi, na orodha ya watakaopewa zakatulfitri imo humo. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, majina ya watu yamo humo." Rafiki yangu mmoja akashauri, "Piga fomati, itapona." Ni kweli ingepona, lakini ingekuwa imesahau kila kitu.

Eneokazi siyo kompyuta nzima

Tunachokiona kwenye skrini, yaani madirisha, picha ndogo na menyu, huitwa eneokazi. Hiyo ni programu moja tu inayowaka mwisho, baada ya nyingine nyingi. Kwanza huamka kiini cha mfumo, kisha huduma za chini, kisha ukurasa wa kuingilia, ndipo eneokazi lije. Likishindwa eneokazi, mara nyingi yaliyo chini yake bado ni mazima.

Fikiria nyumba ambayo mlango wa barazani umekwama. Vyombo vimo ndani salama. Huvunji nyumba, unazunguka na kuingia kwa mlango wa uani.

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wa uani

Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Utaona maandishi matupu yanayokuuliza jina na nywila. Unapoandika nywila hakuna kitakachoonekana. Usishtuke, andika tu na ubonyeze Enter. Kama vitufe hivyo havijibu, washa kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux unaoendeshwa bila kusakinishwa, kisha ufungue diski kutoka huko.

Hatua ya 2: Okoa amana kabla ya kutengeneza

Hapa ndipo wengi hukosea. Huanza kukarabati, na katika kukarabati huharibu kile kilichokuwa kizima. Chomeka flashi, kisha:

lsblk
sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp -rv /home/madrasa/Documentos /mnt/
sudo umount /mnt

Amri ya kwanza huonyesha diski zote na ukubwa wake. Itambue flashi yako kwa ukubwa. Si lazima iitwe sdb1. Folda yetu inaitwa Documentos kwa kuwa mfumo ulikuwa wa Kireno. Wewe andika jina la folda yako. Usiishie hapo: fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inasomeka. Niliifungua kwenye laptopu ya jirani, na majina yakatokea. Mwalimu akasema, "Alhamdulillahi." Kuanzia hapo nilifanya kazi mikono ikiwa imetulia.

Hatua ya 3: Iulize mashine

Surat al-Hujurat inatufundisha kuhakiki habari kabla ya kuchukua hatua, tusije tukadhuru watu kwa kutojua. Fundi naye anahitaji adabu hiyo. Usidhani, uliza:

df -h
systemctl --failed
journalctl -b -p err

Ya kwanza huonyesha nafasi ya diski, ya pili huduma zilizoanguka, ya tatu makosa yaliyoandikwa tangu kompyuta ilipowashwa. Jibu letu lilikuja kwenye amri ya kwanza: diski ilikuwa imejaa asilimia 100. Kumbe umeme ulikuwa nusu ya tatizo tu. Hata usingekatika, kazi isingefika mwisho.

Hatua ya 4: Tafuta nafasi kwa akili

Mafundi wengi watakwambia uandike "sudo apt clean". Amri hiyo hufuta vifurushi vya programu vilivyokwisha pakuliwa. Mahali penye intaneti ya bure si neno. Kwetu sisi, ambako kila megabaiti inanunuliwa, ningekuwa nimetupa pesa na kubaki na mfumo nusu. Badala yake tafuta folda kubwa:

sudo du -xh --max-depth=2 /home | sort -h

Nilikuta video za mawaidha zimejaa. Nikazihamishia kwenye flashi, nikahakikisha zinafunguka, ndipo nikazifuta kwenye diski.

Hatua ya 5: Malizia kazi iliyokatika

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt full-upgrade
sudo reboot

Amri ya kwanza hukamilisha vifurushi vilivyokwisha funguliwa lakini havijapangwa, nayo haihitaji intaneti. Ya pili hurekebisha vilivyopungukiwa. Ya tatu humalizia vilivyobaki, ikitumia kwanza vilivyomo diskini.

Hatua ya 6: Nywila inakubaliwa, kisha unarudishwa mlangoni

Ukurasa wa kuingilia ulirudi. Niliandika nywila, skrini ikapepesa, nikarudishwa palepale. Hili nililisababisha mimi. Katika kuhangaika nilikuwa nimeondoa folda ya mipangilio, kisha nikairudisha kwa sudo, ikawa mali ya msimamizi mkuu badala ya mtumiaji. Tazama mwenyewe:

ls -ld ~/.config

Ukiona neno root, rudisha haki kwa mwenyewe:

sudo chown -R madrasa:madrasa /home/madrasa

Sudo ni mamlaka. Ukiitumia pasipohitajika, unamnyang'anya mtu mlango wa nyumba yake.

Baada ya hapo eneokazi lilifunguka. Orodha tuliichapa kwenye karatasi, na zakatulfitri ikawafikia wenyewe kabla ya swala ya Idi.

Tunayoondoka nayo

Kwanza, nakili kabla ya kupandisha toleo, na uifungue nakala yako. Kumtegemea Allah hakuondoi kumfunga ngamia. Pili, tazama nafasi ya diski na hali ya umeme kabla hujaanza. Kompyuta ya mezani haina betri. Tatu, kompyuta ya watu si uwanja wa kujifunzia. Nilipoombwa kuitazama, nilipaswa kuitazama.

Zoezi

Leo, kompyuta yako ikiwa nzima, fanya hatua ya 1 hadi ya 3. Andika kwenye daftari ulichokiona. Siku itakapogoma, utakuwa unaijua njia ya uani hata gizani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.