Pamba Imeshapimwa, Ya Nini Kuchapa Upya? Vidokezo vya SQL kwa Makarani wa Bariadi

Msimu wa pamba ukifunguliwa, jedwali la mizani kwenye kompyuta ya chama cha ushirika (AMCOS) hujaa haraka: mkulima analeta mzigo leo, wiki ijayo analeta mwingine. Ukitaka jedwali la malipo, usichape upya. Iachie kanzidata yenyewe ijumlishe na kunakili.

1. Achana na VALUES. Mahali pake weka SELECT:

INSERT INTO malipo (mkulima_id, msimu, kilo)
SELECT mkulima_id, msimu, SUM(kilo)
FROM mizani
WHERE msimu = 2024
GROUP BY mkulima_id, msimu;

Mizigo yote ya mkulima inakuwa mstari mmoja.

2. Endesha SELECT peke yake kwanza, uone kitakachoingia.

3. Kinachohesabiwa ni mpangilio wa safu, si majina yake. Ukipishanisha msimu na kilo, kanzidata haitalalamika, maana zote ni namba: mkulima atalipwa kilo 2024. Yeye atafurahi, mhasibu hatafurahi hata kidogo.

4. Usukumani kuna akina Ng'wandu. Ukichapa jina hilo kwa mkono, ile ritifaa inafunga maandishi katikati na amri inakwama, labda uiandike mara mbili: 'Ng''wandu'. Kwa SELECT, jina linapita lilivyo. Namba za simu, hata hivyo, ziwekee safu ya maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea.

5. Jihadhari na rekodi za kabla ya 2012. Mwaka huo Simiyu ilipofanywa mkoa, Itilima ilimegwa kutoka Bariadi, na Busega kutoka Magu. Kwa hiyo WHERE wilaya = 'Bariadi' kwenye jedwali la zamani itakuletea hata watu wa Lagangabilili, ambayo leo iko Itilima. Wa Busega wao hutawaona kabisa, wamo ndani ya Magu. Chuja kwa kata.

6. Kuna atakayeiendesha amri mara mbili, hilo halikwepeki. Weka ufunguo wa pekee kwenye mkulima_id na msimu, kisha kwenye PostgreSQL malizia kwa ON CONFLICT DO NOTHING. MySQL ina INSERT IGNORE, lakini siipendi: inafunika na makosa mengine. Na kama kuna mzigo ulioingia baada ya kujumlisha, DO NOTHING itabakiza jumla ya zamani. Hapo andika ON CONFLICT (mkulima_id, msimu) DO UPDATE SET kilo = EXCLUDED.kilo.