Kabla ya Kulipia Ukumbi, Piga Kofi

Kwaya ikitafuta pa kurekodia huuliza bei na nafasi ya viti, kisha siku yenyewe mwangwi unameza maneno. Zitembeleeni kumbi zote siku moja, sikio lisije likasahau.

Simama katikati, piga kofi moja kavu, unyamaze. Mkia wa sauti unafifia taratibu au unakatika? Ukisikia "trrr" ya harakaharaka, ujue kuta mbili tupu zinatazamana na kurushiana sauti. Kisha mwenzako asome gazeti kwa sauti ya kawaida huku ukirudi nyuma. Pale irabu zinaposikika lakini konsonanti zimepotea, pima umbali kwa hatua. Kipimo hiki nakiamini kuliko vifaa vingi.

Sasa pasua puto huku ukirekodi kwa simu. Ukubwa wa puto, kimo cha simu na umbali visibadilike kati ya ukumbi na ukumbi, na feni zizimwe. Zima pia mpangilio wa simu unaopandisha sauti wenyewe, la sivyo utaurefusha mkia usiokuwepo. Fungua rekodi kwenye kompyuta, kwa programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Kinachotafutwa ni muda wa sauti kushuka desibeli 60, ila kelele za barabarani hufunika mwisho wake. Pima mshuko wa desibeli 20 tu, ukianzia baada ya 5 za mwanzo, uzidishe muda huo kwa 3. Kwa hotuba, sekunde 1 hivi yatosha. Kwaya hupendezwa na karibu 2.

Lakini umepima ukumbi mtupu, na waimbaji nao watanyonya sauti. Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza utafiti huu mwaka 1895 kwa bomba la kinanda na mito ya viti, aligundua kanuni ambayo leo huandikwa hivi, kwa vipimo vya mita: muda huo ni 0.161 mara ujazo, ugawe kwa eneo linalonyonya sauti. Ukumbi wa mita 10 kwa 8 kwa 4 wenye sekunde 2.5 una kama mita 21 za mraba zinazonyonya. Waimbaji 30, kila mmoja akinyonya takriban nusu mita ya mraba, wataushusha muda huo hadi sekunde 1.4 hivi.

Muda ukibaki mrefu mno, usihangaike kutundika kanga: ni nyepesi, hupunguza sauti nyembamba tu na kuacha besi ikivuma. Azima magodoro.